Mimi nataka brauza inayosahau

Mhariri salaam, na wasomaji wenzangu pia. Swali lenu la wiki hii ni fupi tu, kwamba kwa matumizi ya kila siku unapenda brauza gani, yaani programu ya kufungulia tovuti, na kwa nini, na jibu langu ni Firefox. Ila nikiishia hapo mtasema huyu naye katuletea ushabiki wa Simba na Yanga, kwa hiyo ngoja nieleze, maana mimi nina steshenari hapa Morogoro jirani na chuo, na mtu wa steshenari haioni brauza kama anavyoiona mtu mwenye laptopu yake chumbani.

Wengi wakiulizwa hili swali wanakimbilia spidi. Kusema ukweli spidi mimi hainisumbui, mtandao wenyewe ukiwa mzito hakuna brauza itakayokuokoa. Kinachonisumbua ni kwamba kompyuta yangu moja inakaliwa na watu kibao kwa siku, huyu anaomba mkopo wa masomo HESLB, ile Bodi ya Mikopo, akitoka huyo anakaa anayejaza maombi ya kazi Ajira Portal, halafu anakuja mama anataka kuprinti tiketi aliyotumiwa na mwanae kwenye imeili, na kila mmoja ana paswedi yake, namba yake ya kitambulisho cha NIDA, cheti chake cha kuzaliwa alichoskani. Sasa brauza zimetengenezwa kwa kudhani kompyuta ni ya mtu mmoja. Zinapenda kukumbuka. Mteja akishalogini tu kinatokea kiboksi kinauliza tuhifadhi paswedi? na mtu mwenye haraka anabonyeza ndiyo, anadhani ni sehemu ya fomu. Na kama kompyuta haina paswedi ya Windows, na nyingi za steshenari hazina, yeyote atakayekaa baada yake akiingia kwenye mipangilio anazisoma paswedi zote kama zilivyo, anachagua ya kuondoka nayo.

Ndo maana pale dukani Firefox nimeiset isikumbuke kitu kabisa. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, kwenye historia unachagua isitunze kamwe, basi, ukifunga dirisha kila kitu kimekwenda na maji, kuki (vile vijifaili tovuti inavyokutambulia), historia, nani alilogini wapi. Sehemu ya paswedi nayo nimeondoa tiki ili kile kiboksi kisijitokeze. Wale wa Chrome msinirushie mawe, najua na nyie mna akaunti ya mgeni, unabonyeza ile picha ya wasifu juu kulia unachagua mgeni, na inafanya kazi vizuri tu, kompyuta ya pili naitumia hivyo hivyo kwa sababu kuna wateja wasipoona Chrome wanahisi wameletwa kwenye intaneti ya bandia. Shida yake ni kwamba lazima mtu akumbuke kufungua hiyo ya mgeni kila mara, na kijana wangu wa dukani siku ya foleni hakumbuki hata kunywa chai.

Kitu kimoja watu hawakijui, na naomba hiki mkichapishe hata kama mengine mtakata. Si mgeni, si dirisha la siri (incognito), si nini, usitegemee hata moja ikufutie yenyewe faili ulizoshusha. Ile PDF yenye jina lako kamili, namba ya simu na sahihi ya mdhamini mara nyingi inabaki kwenye folda ya Downloads inamsubiri mteja anayefuata. Ukitoka steshenari yoyote, iwe yangu au ya jirani, ingia Downloads ufute, kisha ingia na kwenye pipa la takataka la kompyuta ufute tena.

Na hilo dirisha la siri lenyewe watu wanalipa sifa lisizokuwa nazo. Halikufichi kwa kampuni ya simu wala kwa tovuti unayoitembelea, linachofanya ni kutoacha alama kwenye hiyo mashine tu. Huko Marekani Google walishtakiwa mwaka 2020 kwa ajili ya jambo hilihili, watu wakilalamika kwamba walidhani hawafuatiliwi kumbe data inakusanywa, na mwaka 2024 wakakubali kwenye makubaliano kufuta rekodi mabilioni. Kwa hiyo kijana anayekaa kona ya mwisho akijua kajificha, ajue kajificha kwangu mimi tu.

Kwenye simu yangu sababu ni nyingine, ni bando. Firefox ya Android inakubali nyongeza, yaani vijiprogramu vya kuongezea ndani ya brauza, na mimi nimeweka uBlock Origin, inayozuia matangazo yasipakuliwe kabisa. Wale mnaosoma habari kwenye simu mnajua, unafungua ukurasa wa habari ya aya sita, kinachoshuka ni video ya kamari inajicheza yenyewe, tangazo la dawa ya kisukari, na dude jingine linakufuata chini kila ukiskrol, na vyote hivyo unalipia wewe kwa MB zako. Chrome ya kawaida ya kwenye Android haina nyongeza. Na hata ya kwenye kompyuta, Google walibadili kanuni za nyongeza, kuanzia 2024 uBlock Origin ile kamili ikaanza kuzimwa, imebaki ile ndogo ya Lite. Google pesa zao ni matangazo, sasa unategemea wakusaidie kuyazuia kwa moyo mmoja? Mimi siwalaumu sana ila na mimi nina bando langu la kulinda.

Hapo pia ndo naona mabishano mengine ya brauza ni kelele, maana Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi, zote chini yake ni Chromium ileile ya Google, yaani injini, ile sehemu ya ndani inayofanya kazi ya kufungua kurasa. Opera walihamia huko 2013, Microsoft nao Edge yao wakaihamisha 2020. Firefox wamebaki na injini yao wenyewe, Gecko. Na kichekesho ni kwamba Mozilla, wenye Firefox, sehemu kubwa ya mapato yao inatoka kwa Google hao hao, wanalipwa ili Google ndiyo iwe sehemu ya kutafutia. Sijui niseme nini hapo, naitumia hivyo hivyo.

Faida nyingine ya dukani, nilikuwa na kompyuta kuukuu ya Windows 7 na sina hela ya kubadilisha. Chrome waliachana na Windows 7 mwanzoni mwa 2023, Firefox wakaacha toleo la 115 ESR, lile la kutunzwa muda mrefu, likaendelea kupata viraka vya usalama muda mrefu baada ya hapo. Kwa mtu wa biashara ndogo hiyo si habari ndogo.

Isipokuwa mama yangu mzazi sijamuwekea Firefox. Yeye yuko na Opera Mini tangu enzi za simu za batani na hatoki, na ana haki yake. Wanorwe wenye Opera waliitoa duniani kote mwaka 2006 kwa ajili ya simu dhaifu, ukurasa unasomwa kwanza kwenye seva zao, unabanwa, ndo unaletewa ukiwa mwepesi, na kwa kusoma tu habari na mapishi sijaona ya kuishinda. Ila mambo ya benki nimemkataza asiyafanyie humo, ukiweka ubanaji ule mkali kabisa kuna seva ya mtu katikati, na fomu zenye vibonyezo vingi zinagoma.

Simu yake ilikuja na brauza nyingine tayari ndani, jina naliacha, kila asubuhi inamtumia taarifa kwamba msanii fulani kafariki. Hafi mtu. Nilizima taarifa zake kwenye mipangilio ya simu, kuitoa kabisa imegoma.

Wenye iPhone sina la kuwashauri sana, huko hata ukiweka Firefox ndani yake ni WebKit, injini ya Safari ambayo ni brauza ya Apple wenyewe, Apple ndo walivyoamua, na mlango waliofungua 2024 ulikuwa wa Umoja wa Ulaya tu. Kwa hiyo nyongeza ninazozisifia hapa hamtazipata kwenye Firefox yenu, tafuteni kizuia matangazo cha Safari, vipo.