Ritifaa ya Ng'wandu ilivyonifundisha kuacha "kusafisha" data mlangoni

Mkuu, umeuliza kama inatosha kupitisha kila kinachotoka kwenye fomu kwenye fankshini moja ya PHP, safisha(), yenye trim (hukata nafasi tupu mwanzoni na mwishoni), addslashes (huweka kikwaju \ kabla ya ritifaa, yaani alama ya ') na htmlspecialchars (hugeuza alama kama ritifaa kuwa msimbo wa HTML, mfano '), kabla hakijaingia kwenye kanzidata. Nilikuwa nayo hiyo hiyo. Ifute.

Nilitengeneza mfumo wa wanachama wa SACCOS moja kule Mwanza. Usukumani ritifaa si pambo: akina Ng'wandu na Ng'washi wamejaa tele. Wiki ya kwanza tu mama mmoja akaniletea risiti imeandikwa Ng\'wandu. Karani akaenda kumrekebishia namba ya simu, akabonyeza hifadhi, jina likawa Ng\\\'wandu. Akarudia, vikwaju vikafika 7! Kumbe nilikuwa tayari natumia prepare na execute za PDO (njia ya PHP ya kuzungumza na kanzidata), ambazo zinatosha kuzilinda amri za SQL zinazokwenda kwenye kanzidata. Addslashes haikulinda chochote, ilikuwa inachafua tu, na kila ukihifadhi upya inachafua juu ya uchafu wa jana.

Nikaitoa, nikajiona fundi. Mwisho wa mwezi mfumo ukatuma SMS za salio: "Ndugu Ng'wandu..." Mzee mmoja akapiga simu kuuliza kama ile 039 ndiyo namba yake mpya ya siri.

Hapo ndipo nilipoelewa. Htmlspecialchars ni kwa ajili ya ukurasa wa kivinjari. SMS haiijui, Excel haiijui, risiti ya PDF haiijui. Hifadhi jina kama mwenyewe alivyoliandika, halafu iite fankshini hiyo pale pale unapofanya echo (kuchapisha) kwenye HTML. Ukiisahau hapo, mtu ataingiza script (amri za programu) kwenye sehemu ya jina na itaendeshwa kwenye kivinjari cha karani, kwa hiyo sisemi uache ulinzi, nasema uuweke mahali pake.

Trim ibaki, haina ubaya. Ila haiondoi herufi zisizoonekana zinazokuja mtu akinakili namba kutoka sehemu nyingine.

Kuna vitu ambavyo kweli vinahitaji kunyooshwa kabla ya kuhifadhiwa, navyo ni vile vyenye umbo maalumu. Simu: watu wanaandika 07..., +255..., 255..., wengine wanaanza na 7 moja kwa moja. Mimi nilichukua tarakimu 9 za mwisho nikabandika 255 mbele. Safi, mpaka wanachama wawili wanaoishi Kenya walipojiunga. Namba zao nazo zina tarakimu 9 baada ya +254, kwa hiyo salio lao likawa linatumwa kwa watu wasiowajua. Siku hizi namba ikianza na + siigusi msimbo wake wa nchi.

Fedha ndiyo inayotisha zaidi. Karani anaandika 50,000/= kama alivyozoea kwenye daftari, wewe unaweka (int) mbele, PHP inasoma mpaka kwenye mkato na kukupa 50. Hakuna kosa linaloonekana. Ondoa mikato na /= kwanza, na kikibaki chochote kisicho tarakimu, kikatae na umwambie aandike upya. Usikisie hela ya mtu.

Jambo dogo lililotugharimu: simu nyingi zinaweka ritifaa iliyopinda (’) badala ya iliyonyooka. Hiyo haimo kwenye herufi za kawaida za SMS, kwa hiyo ujumbe mmoja unashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe wetu wa herufi 120 ukawa unalipiwa kama SMS mbili. Naibadilisha wakati wa kutuma tu. Kwenye kanzidata inabaki alivyoiandika mwenyewe.

Kama rekodi zako zimeshachafuka, chukua nakala rudufu kwanza. Usiendeshe stripslashes (fankshini ya kuondoa vikwaju) kwa wote kwa mpigo, maana kila jina limehifadhiwa mara tofauti. Mimi niliyatafuta yenye \ na &#, nikayarekebisha kwa mkono na karani pembeni akisoma kutoka kwenye fomu za karatasi.