Kimeng'enya kisichomeng'enya

Msomaji anayesoma unesi huko Iringa kaniuliza: "Kamwene mwalimu. Tumefundishwa enzaimu, ile inayochochea mabadiliko ya kikemia mwilini, kwa Kiswahili ni kimeng'enya, sasa kuna hii ya kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi na fizi, haivunji chochote, inaongezea tu kitu kwenye protini hiyo. Hapo inameng'enya nini? Au tuseme enzaimu tu yaishe?"

Kamwene. Swali zuri hili. Kumeng'enya ni kuvunjavunja kitu kiwe vidogovidogo, ndo maana tunasema mmeng'enyo wa chakula, na nadhani waliotupa hili neno akili yao ilikuwa tumboni. Jaribu leo, tafuna tonge la ugali bila mboga na usiwahi kumeza, litaanza kuwa na kautamu kwa mbali, hapo kimeng'enya kilichomo kwenye mate kinavunja wanga unakuwa sukari. Hicho kinameng'enya kweli.

Hiyo yako ya kolajeni inaitwa prolili haidroksilesi. Yenyewe inapachika oksijeni kwenye prolini, moja ya vipande vinavyojenga kolajeni, ili nyuzi zake tatu zilizojisokota kama nywele za kusuka zishikane zisifumuke. Inahitaji madini ya chuma na vitamini C, na vitamini C ikikosekana muda mrefu kolajeni inalegea, fizi zinavuja damu, vidonda havifungi, ndo kiseyeye hicho (neno letu tamu kabisa halafu mtu anakwambia "skavi", jamani). Mapera yenye hiyo vitamini C yamejaa pale sokoni Mwanjelwa, kula.

Sasa jina la kimeng'enya mimi naona tuliache kama lilivyo. Huku Mbeya mtu anaenda Iyunga kupanda garimoshi, na hata ile ya SGR ya Dar mpaka Dodoma kuna watu wanaiita garimoshi wakati inakula umeme, moshi hakuna, na hakuna anayelalamika.

Kwa hiyo shida haiko kwenye jina, iko kwenye kitenzi. Ukiandika "kimeng'enya hiki kinameng'enya kolajeni" umeua mgonjwa, maana msomaji ataelewa kinaiharibu. Andika kinaibadili, au kinaipachikia oksijeni, basi.

Enzaimu nayo ruksa, ila upatanisho uende nayo: enzaimu hii, enzaimu hizi. Juzi nimekuta kipeperushi kimeandika "enzaimu hiki", yaani mtu kabadilisha jina kiambishi kikabaki kwa mwenyewe. Halafu ritifaa msiitupe, "kimengenya" hakipo, ng' ni ile ya ng'ombe siyo ya ngoma.