Maswali ya Wasomaji: Kiwanja cha ndege kilichoachwa porini

Salaam, Mhariri. Tukielekea Marsabit tuliona porini ukanda ulionyooka, una mawe meupe kandokando na nguzo iliyoinama. Dereva alisema ni kiwanja cha ndege cha zamani. Kilikuwa cha nani, na mbona kimeachwa? – Msomaji, South B

Dereva wenu hakukosea. Mawe yalipakwa chokaa ili rubani aone ukingo akiwa angani, na nguzo ilibeba mfuko wa kuonyesha upepo.

Mwenyewe hutambulika kwa kilicho jirani. Ukikuta kanisa na zahanati, ndege zilileta mapadri, dawa na madaktari; shirika la afya AMREF, lililoanzishwa 1957, limewahudumia wagonjwa wa mbali kwa ndege kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, miaka mingi. Ukikuta kambi ya polisi, kilikuwa cha serikali. Kama hakuna kitu ila nyika tupu, wafikirie watafiti wa mafuta au ndege za kupulizia nzige dawa.

Vingi viliachwa kwa sababu barabara ilifika. Lami ilipofika Marsabit na Moyale miaka ya 2010, mzigo uliohitaji ndege ukapanda lori. Vingine vilizimika kazi yake ilipokwisha. Lokichoggio, kule Turkana, ilikuwa kituo kikuu cha msaada wa Umoja wa Mataifa kwa Sudan Kusini tangu 1989. Ndege kubwa za mizigo aina ya Hercules zilibeba takriban tani 16 za chakula kwa safari moja na kuzidondosha bila kutua. Mkataba wa amani wa Sudan ulipotiwa sahihi hapa Nairobi tarehe 9 Januari 2005, shughuli zikapungua sana.

Mkipita tena, simama mwanzo wa ukanda na dira, utazame upande wa pili. Ikisoma digrii 137, kadiria hadi 140, ondoa sifuri: kwa lugha ya marubani njia hiyo ni namba 14, na ukiiendea kutoka upande wa pili ni 32. Utaona vingi vimelala hivyo, kwa kuwa upepo wa kaskazini mwa Kenya hutoka sana kusini-mashariki, na ndege hutua na kuruka ikiukabili.

Mhariri, kijiji cha wazazi wangu kina kiwanja cha zamani na hospitali iko mbali. Wazee wanataka kukifyeka ndege ya wagonjwa iweze kutua. Waanzie wapi? – Msomaji, Umoja

Waanzie kwa miguu, kabla ya panga. Wapime urefu: hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo mita 1,000 ni hatua 1,330 hivi. Wasikubali urefu pungufu kwa hoja kwamba zamani ndege zilitua. Joto hulegeza hewa, na mabawa na injini hupoteza nguvu. Kiwanja kikiwa mita 1,000 juu ya bahari, joto la kawaida la kimo hicho katika hesabu za marubani ni digrii 8.5. Kila digrii ya ziada ni kama kukipandisha mita 36. Saa nane mchana kwenye digrii 33, ndege itaruka kana kwamba iko mita 1,900, yaani juu kuliko Wilson iliyo mita 1,690. Ndiyo maana marubani hupendelea asubuhi.

Kisha wafyeke. Mti wa miiba uitwao mathenge usipoukata chini ya ardhi, sentimita 30 hivi, utachipuka tena kwenye kisiki. Miiba yote ifagiwe, maana hutoboa tairi. Kichuguu kikisawazishwa juu tu, mchwa watakijenga upya; lichimbwe shimo mpaka kwa malkia. Mashimo ya mhanga na ngiri ndiyo hatari zaidi, kwa sababu nyasi huyaficha na gurudumu la mbele likiingia huvunjika. Yajazwe changarawe kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa. Udongo ukimwagwa wote kwa pamoja, mvua ya kwanza utadidimia. Katikati paachwe na mgongo kidogo ili maji yatiririkie pembeni. Kama ardhi ni ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi, tafuteni mahali pengine: ukilowa huwa tope la kunasa.

Mwishowe gari liendeshwe mwanzo hadi mwisho kwa kilomita 65 kwa saa. Likirusha abiria, bado. Likiacha alama za kina, bado pia. Likipita vizuri, wawe na mtu wa kuondoa mifugo kila ndege inapotarajiwa, kisha wapeleke vipimo kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kwa watoa huduma ya ndege. Uamuzi wa kutua ni wao.

Kando ya kiwanja cha zamani kwetu kuna mapipa matupu ya lita 200. Watu wanataka kuwekea maji. – Msomaji, Eastleigh

Wasithubutu. Petroli ya ndege za injini ya pistoni ilitiwa madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na haionekani wala haisikiki mdomoni. Kuosha kwa sabuni au majivu hakuiondoi. Petroli hiyo ilitiwa rangi ya buluu au kijani, lakini kutoiona ndani si dalili ya usalama, kwani rangi hufifia. Msiyachome wala kuyakata kwa moto: mvuke uliobaki unaweza kulipuka. Yafungwe vizibo, yawekwe mbali na kisima, na afisa wa afya wa kaunti ndogo aarifiwe.