Muulize Mwalimu: Binti aliyeachwa Kondoa kwa mtama

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Bibi yangu mzaa mama, anayeishi Mvumi, Dodoma, hunisimulia kwamba wakati wa njaa ya Mtunya mama yake, akiwa binti mdogo, aliachwa Kondoa kwenye familia ya Kirangi, na baba yake akarudi na mzigo wa mtama. Binti alikuja kurudi nyumbani akiwa mwari. Nataka kuyaandika, lakini wajomba wanasema hiyo ni aibu ya ukoo, na kwamba historia ni habari za watemi na vita. Bibi mwenyewe hajui hata tarehe. Nifanyeje?
Mjukuu wa Mvumi

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Wajomba wanataka vita? Basi hiyo ni habari ya vita. Vita Kuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya jeshi. Julai 1916 Waingereza wakaingia Dodoma, nao wakaendelea palepale wenzao walipoachia. Kisha mvua ikakataa. Hiyo ndiyo Mtunya: kati ya 1917 na 1920 inakadiriwa watu 30,000 hivi walikufa Ugogo, nchi ya Wagogo, karibu mmoja katika kila watano. Vitabu vya shule vinatupa majina mawili ya vita ile, Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, na Smuts wa Waingereza, na hakuna hata mmoja wao aliyelala na njaa ya Mtunya.

Njaa Ugogo haikuwa ngeni. Mwaka mbaya ukifika, mzee aliswaga ng'ombe mpaka kwa jirani mwenye ghala, akarudi na nafaka. Safari hii zizi lilikuwa limeliwa na majeshi mawili. Mzee abadilishe nini? Mama wa bibi yako alisimama mahali pa ng'ombe. Wajomba wanaposema aibu, mimi nauliza: ya nani? Ya mtoto mdogo, au ya waliofagia zizi la baba yake?

Sasa kazi yenyewe. Tarehe usimsumbue nazo Bibi. Muulize kama mama yake alizaliwa treni ikiwa imeshafika Dodoma. Ilifika mwaka 1910. Muulize kama yeye Bibi alikuwepo nzige walipokula mashamba, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa alama mbili hizo utaipata miaka bila kumtoa jasho.

Halafu keti naye akichambua mlenda au akipepeta, maana mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka. Usimwambie "nisimulie historia", atakusimulia habari za watemi kama wajomba. Muulize mama yake alitembea na nani kwenda Kondoa. Walilala wapi njiani? Mtama ulikuwa kiasi gani, na nani aliubeba? Kule alipewa kazi gani, alilala na kina nani, aliitwa jina gani? Alirudi akikijua Kirangi? Hilo la mwisho ningependa mno kulisikia, kwa sababu mtoto aliyerudi na lugha nyingine mara nyingi alirudi na nyimbo pia. Mrekodi kwa simu, kwa Kigogo chake. Kiswahili kitakuja baadaye, mezani kwako.

Kama marehemu alibatizwa, nenda parokiani uombe kwa adabu kuangalia kitabu cha ubatizo. Wamisheni wa Kianglikana walikuwa Mvumi tangu kabla ya vita, na padri akiandika jina la mwanamke, la mzazi wake na kijiji, huenda ndiyo karatasi pekee duniani yenye jina lake. Pitia pia maandishi ya Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa mwaka 1917, Mtunya ikiingia. Aliandika historia ya Wagogo kwa Kiswahili, na ni mwenzetu. Ila hata kwake wanaume ni wengi kuliko wanawake, kwa hiyo usidhani amekumalizia kazi.

Jina la ile familia ya Kondoa usiliandike mpaka uwatafute wajukuu wao na kuongea nao. Wao pia wana upande wao: walimlisha mtoto wa watu miaka ambayo wengine walikuwa wanazikwa bila sanda. Bibi naye akikwambia jambo fulani lisitoke nje, lisitoke.

Kuhusu wajomba, usibishane nao. Waulize tu ng'ombe wa babu yao walichukuliwa na nani, na walikuwa wangapi. Washa simu, maana hapo hawatanyamaza mpaka usiku.