Jibu: Samaki rasi gani waingie kwenye tangi la lita 120? Mistari sita USIMTANGULIZE!

Mkuu, Ijumaa usiende dukani. Au nenda, ila pochi iache nyumbani.

Umeandika kwamba una tangi la maji chumvi la lita 120, samaki klauni wawili na matumbawe laini. Unataka Ijumaa uanze na rasi wa mistari sita "apunguze minyoo kwanza", kisha mwezi ujao umletee rasi wenzake, yule wa njano na madume wawili wa Paracheilinus. Tumbo limenisokota nilipoisoma. Huo mpango ni wangu! Niliufuata hivyo hivyo miaka mitatu iliyopita, na mpaka leo mke wangu akitaka kunizima kwenye habari yoyote ya pesa anasema tu, "Mistari sita."

(Kwa mnaopita tu: rasi hapa si zile za kwenye ramani. Ni samaki wa mwambani, nduguze pono. Mjomba wangu mvuvi wote anawaita pono na maisha yanasonga.)

Mimi mtoto wa Tanga, nipo Sharjah. Duka silitaji, lakini yule kijana aliyeniuzia, huko aliko na akipaliwa na chai, ajue ni mimi namsema. Nilimuuliza mara mbili kama samaki ni mpole. "Mpole sana, bosi. Mdogo, anakula minyoo, matumbawe hayagusi." Ubaya wa maneno yale ni kwamba mengi yalikuwa kweli. Mdogo kweli, hazidi sentimita 10. Minyoo bapa anaila. Matumbawe hayagusi. Uongo ulikuwa kwenye upole peke yake, na huo ndio ulionimaliza. Tena sanduku alilokuja nalo limeandikwa Kenya! Yaani samaki katolewa maji ya jirani na kwa mama yangu, kapandishwa ndege, nami nikamlipia dirhamu 95. Nilipomtajia mjomba bei, akauliza, "Kwa kilo?"

Wiki sita akakaa mwenyewe na klauni wangu. Raha tupu. Jioni taa ikizimwa anaingia kwenye tundu lake, anajifunika utando wa ute kama chandarua, analala. Nikawa namwitia wageni waje wamwone. Kumbe muda wote huo mwenzangu anapima kiwanja.

Nikanunua dume la Paracheilinus, dirhamu 280. Hujaona kitu mpaka umwone huyo akifungua mapezi, anawaka ghafla kama mtu kapiga kiberiti ndani ya maji. Sikumtia ovyo, nilikuwa nimesoma. Nilimweka siku nne ndani ya kisanduku cha plastiki chenye matundu, waonane wazoeane. Mistari sita kutwa anakipiga kisanduku kwa pua. Kuna mtu angeelewa hapo. Mimi nikasema, "Anamsalimia."

Nilimfungulia usiku. Asubuhi mkia wake umekuwa kama ufagio wa chelewa uliochakaa, kajibanza pembeni juu, nyuma ya pampu. Alasiri simwoni. Siku ya tatu nimesogeza kabati, yupo sakafuni, mkavu kama dagaa. Alipita kwenye uwazi wa bomba, upana wa vidole viwili. Hawa wakishtuka wanaruka, na tundu wanaliona kabla yako.

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikarudi kwa kijana yule yule! Akaniambia, "Weka wawili kwa mpigo, ugomvi utagawanyika." Nikamchukua dume mwingine na yule wa njano, Halichoeres chrysus. Kweli uligawanyika: asubuhi zamu ya huyu, jioni zamu ya yule. Wa njano akajifukia mchangani, kila akichomoza kichwa anapigwa, mpaka akaacha kutoka kula. Alikufa siku ya 11, mgongo umekuwa kama kisu. Dume sikungoja, nikamgawa kwa rafiki.

Sasa mkamate mkorofi. Mtego wa chupa ya soda na kipande cha nyama ya kamba ndani: nimenasa klauni mara nne, klauni yule yule. Mwisho nikang'oa mawe yote, kilo 18, saa tatu nzima, maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele na tumbawe langu la uyoga limepasuka. Tangi tupu, samaki hayumo. Nikatukana lugha zote ninazojua. Kumbe yuko kwenye ndoo nyuma yangu, ndani ya tundu la jiwe, ananisikiliza.

Kwa hiyo: MKOROFI HUINGIA MWISHO. Akikuta wenyeji anashusha mkia. Akitangulia, lita zote 120 ni shamba lake la urithi, na ile "mgeni njoo mwenyeji apone" hajawahi kuisikia. Hata akija mwisho, kwenye tangi dogo kama lako mimi nisingemtia kabisa. Mtafute rasi aitwaye Wetmorella, mdogo, mwenye haya, hana habari na mtu.

Na hao madume wawili wa nini? Chukua mmoja. Rasi wengi huzaliwa majike, baadhi yao hugeuka madume ukubwani, na maduka yanapenda kutuuzia madume kwa sababu ndiyo yenye rangi. Mchanga, ndiyo, sentimita 5 wa chembe laini, wa njano analala humo, na siku za mwanzo asipoonekana usimchimbe. Wavu wa kufunika juu uwe wa matundu ya milimita 6, na bomba nalo lizibwe, usinifanye nirudie habari ya dagaa.

Halafu kama unasoma hii na ameshaingia tangini, achana na chupa. Chukua ndoo, na kila jiwe unalotoa litikise humo humo kwenye maji ya ndoo kabla hujaenda kumtafuta kwingine.