Kwa anayeuliza kama akiolojia na urithi inalipa: mimi nilianzia Tongoni

Mleta mada kachaguliwa kusoma akiolojia (elimu ya mambo ya kale) na usimamizi wa urithi, mjomba wake anamwambia ataishia kuokota vigae. Anauliza aende nayo mpaka uzamivu au abadilishe. Mimi mtu wa Tanga, nipo kwenye kazi hii mwaka wa 14 sasa, nitajibu kwa yaliyonikuta.

Ajira kwanza. Kubaki chuoni kufundisha kunataka GPA (wastani wa alama) ya 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 umahiri, halafu usubiri tangazo, na matangazo yenyewe ni ya kutafuta kwa tochi. Wengi wetu tunakula kwenye tathmini za miradi. Chukua bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani hapa kwetu, kilomita 1,443: kabla katapila halijapita lazima mtu aulize kaburi hili la nani, mbuyu ule watu wanatambikia au wanapumzikia tu. Kazi hiyo ina hela. Ya chuoni ina heshima.

Sasa kuna somo sikufundishwa darasani. Fildi yangu ya umahiri ilikuwa Tongoni, barabara ya Pangani, haifiki kilomita 20 kutoka mjini. Msikiti uliobomoka na makaburi zaidi ya 40, mengine yana minara. Ukisogea unaona vishimo vya duara palipokaa vibakuli vya Kichina, vimeshang'olewa. (Watalii huambiwa Vasco da Gama alichoma jahazi lake moja pande hizi mwaka 1499. Wazee niliokaa nao hawana muda na habari hiyo, wana watu wao waliolala pale.)

Mzee mmoja alinipokea vizuri, kila asubuhi kahawa. Siku moja akanipeleka pembeni, mahali wanapofukiza ubani na kufunga vitambaa. Nikapiga picha, nikachukua nukta za GPS, nikaziweka kwenye ramani ya tasnifu. Msimamizi akaisifu sana ile ramani.

Mwaka uliofuata nakwenda, shikamoo, naitikiwa marahaba kavu, kahawa hakuna. Kumbe alikuja kijana na ramani yangu kwenye simu, akaomba apelekwe palepale. Mzee akaniambia: "Mwanangu, nilikupeleka wewe. Hukuniambia umekuja na wenzio."

Nilirudi na mama mkubwa, yeye ndiye aliyeniombea radhi, dua ikasomwa. Kuitoa ramani kwenye nakala ya mtandaoni kulichukua miezi saba. Ofisini chuoni walitaka niwape sababu ya kisayansi. Mzee kanisamehe, kahawa imerudi. Pale pembeni hajanipeleka tena, nami sijamwomba.

Tatizo ni kwamba sheria yetu inatazama umri. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda jengo la kabla ya 1863 na mlango wa nakshi wa kabla ya 1940. Kitambaa kilichofungwa Alhamisi iliyopita hakina pa kuingia humo, wakati kwa wenyewe ndicho kinachofanya mahali pawe mahali. Wala si kwetu tu. Australia mwaka 2020 walilipua mapango ya Juukan Gorge, yenye dalili za watu za miaka 46,000, na kampuni ya madini iliyolipua ilikuwa na kibali halali mkononi. Wenyeji walikuwa wanapinga.

Kwa hiyo dogo, utafiti wa kufanya upo mwingi na mjomba wako hajui anachosema kuhusu vigae. Ila ukienda fildi, siku tatu za kwanza kamera ibaki kwenye begi. Kibali cha chuo kinakufikisha kwa mtendaji wa kijiji, kwa wazee ujifikishe mwenyewe, na ukiwa na shangazi upande huo nenda naye. Kabla ya kuandika uliza kipi kisiandikwe. Mimi siku hizi nina madaftari mawili, la pili nikimaliza namwachia mwenye mahali, halifiki chuoni. Msimamizi wako atanuna kidogo.