Maswali ya Wasomaji: Rahitnama ipi ina nguvu?

SWALI: Nafundisha historia Mafinga. Nasoma kwamba Masingasinga wana maandiko ya kale ya mwenendo, rahitnama, nayo hupingana. Yapi yanawafunga?

JIBU: Mwalimu, hakuna rahitnama ya kale inayowafunga Masingasinga wote. Mamlaka ya juu ni Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu, na rahitnama hupimwa kwayo.

Nyingi zimebeba majina ya watu wa karibu na Guru Gobind Singh, Guru wa kumi, aliyeanzisha Khalsa (jumuiya ya Masingasinga waliobatizwa) mwaka 1699 na kufariki 1708: Nand Lal, Chaupa Singh, Daya Singh. Jina lililo juu ya andiko si ushahidi wa mwandishi. Angalia tarehe kwanza. Ile ya Prahlad inajitaja kuwa ya mwaka 1752 wa kalenda ya Bikrami ya India. Ukitoa 57 unapata 1695, kabla Khalsa haijazaliwa! Lakini yenyewe inaizungumzia Khalsa. Ile ya Chaupa Singh inawapa Wabrahmani, tabaka la makuhani wa Kihindu, heshima ya pekee, jambo lisilopatana na mafundisho ya Maguru kuhusu matabaka, ndiyo maana wengi huishuku. Hata hivyo usizitupe: kwa mwanahistoria ni hazina ya kujua watu wa karne ya 18 walibishania nini.

Leo wengi hufuata Sikh Rehat Maryada, mwongozo wa mwenendo uliopitishwa na SGPC, kamati inayosimamia mahekalu ya Masingasinga, huko Amritsar, India, katika miaka ya 1930 na kurekebishwa mwaka 1945. Aliyebatizwa hukatazwa mambo manne: kunyoa nywele, nyama iliyochinjwa Kiislamu, uzinzi na tumbaku. Baadhi ya makundi, kama Nihang (Masingasinga wa mapokeo ya kivita), yana taratibu zao.